Masaa 24 ya muuguzi: kituo cha afya kinapashwa kuarifu nini kisha kupokea mgonjwa wa haraka?

Saa nane za usiku motari anasimama mbele ya kituo cha afya. Nyuma yake mama mmoja, mtoto wa miaka mine mgongoni. Mtoto anaharisha maji matupu tangu jioni, macho yameingia ndani, analia bila machozi. Muuguzi wa zamu anawasha tochi ya simu, anamlaza mtoto, anatafuta mshipa, anafunga serumu. Mpaka hapo kila mtu anaelewa kazi inayofanyika. Lakini kisha robo saa, muuguzi huyo anavuta kitabu kikubwa na kuanza kuuliza: Munatoka kijiji gani? Maji munatekaka wapi? Kuharisha kulianza saa ngapi? Kule nyumbani kuko mwengine mwenye anaharisha? Juma hili mulienda ku kilio fasi gani?

Mama anakasirika. Amekuja na mgonjwa, hakuja kutoa ushuhuda mbele ya polisi.

Jambo hili linarudi kila mara kwenye vipindi vyetu vya afya. Watu wanauliza: kwa nini wauguzi wanaandikaka sana kuliko kutunza? Wengine wanaongeza: majina yetu yanaenda wapi? Kuko mtu anayelipwa juu ya mgonjwa wangu? Maswali haya hayatoki hewani. Sisi wa Beni, Butembo na Lubero tulipita katika Ebola, tuliona magari mengi na pesa nyingi zikizunguka juu ya wagonjwa, na tulijifunza kuwa na mashaka. Kwa hiyo tunaeleza hapa, polepole, kalamu ile ya usiku inatumika kwa nini, na serikali inadai nini kwa kila nyumba inayopokea wagonjwa wa haraka.

Kazi mbili kwa mtu mmoja

Katika inchi yetu urjansi haianzi na gari la wagonjwa lenye taa na kelele. Inaanza na motari, ao na vijana wanne wenye kubeba kipoyi, ao na mume anayesukuma mke wake kwenye baiskeli. Kituo cha karibu ndicho kinapokea, na mara nyingi usiku kuna muuguzi mmoja tu. Mtu huyo ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kumtunza mgonjwa. Kanuni ya adhabu ya Congo inaadhibu mtu anayeacha kwa makusudi kumsaidia mwenzake aliye hatarini, na muuguzi hawezi kujificha nyuma ya karatasi. Ya pili ni kuarifu. Hata kama mgonjwa amepona, hata kama amekufa mlangoni, kazi hii ya pili inabaki.

Msingi wake uko katika sheria namba 18/035 ya tarehe 13 mwezi wa 12 mwaka 2018, inayopanga mambo ya afya ya watu wote katika Jamuhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Chini ya sheria kuna maelekezo ya kazi yenyewe, yale wauguzi wanayoita kwa kifupi SIMR, maana yake kufuatilia magonjwa kwa pamoja na kupambana nayo. Ni njia iliyokubaliwa na inchi za Afrika ndani ya OMS mwaka 1998, na Congo inaitumia. Haichagui mwenye kituo: kiwe cha serikali, cha Wakatoliki, cha CBCA, ao dispensari ya mtu binafsi yenye vitanda viwili nyuma ya farmasi, vyote vinapashwa kuarifu. Tutarudi kwa zile dispensari, maana hapo njo pana shida.

Si kila ugonjwa una haraka moja. Mtu aliyeanguka na pikipiki na kuvunjika mguu anahesabiwa katika raporti ya mwezi, pamoja na wazazi waliozaa, watoto waliochanjwa na dawa zilizotumika. Malaria na homa ya matumbo zinahesabiwa kila juma. Juma hilo la hesabu linaanza siku ya kwanza na kumalizika siku ya yenga, na kila juma lina namba yake katika mwaka. Njo maana utasikia mganga mkuu wa zoni anasema kwenye maikro yetu "juma la 14" bila kutaja mwezi. Yeye anaelewa, sisi tunabaki kuhesabu kwenye kalenda.

Lakini kuna kundi ambalo halingojei mwisho wa juma. Ebola na homa zingine za kutoka damu, kolera, tauni (ndugu zetu wa Ituri wanaijua), homa ya manjano, surua, mtoto anayelegea mguu ao mkono kwa ghafla, pepopunda ya mtoto mchanga, na mama anayekufa juu ya mimba ao uzazi. Kwa haya, habari inapashwa kutoka kwenye kituo mara moja, na isipite masaa 24. Hata kama ni usiku ao yenga.

Shaka inatosha

Kosa la kwanza ambalo watu wanafanya, na hata wauguzi wengine wapya, ni kufikiri kwamba muuguzi anapashwa kungoja labo iseme. Hapana. Anaarifu shaka. Kila ugonjwa una maelezo mafupi yaliyobandikwa ukutani ao kuandikwa katika kitabu: ukiona alama hizi, piga simu. Kwa kolera, mahali ambapo mlipuko haujatangazwa, inatosha kuona mtu wa miaka miwili ao zaidi anayeharisha maji mpaka mwili unakauka vibaya sana, ao aliyekufa kwa kuharisha hivyo. Mlipuko ukishatangazwa, mlango unafunguliwa zaidi: yeyote anayeharisha maji mara tatu ao zaidi kwa siku anahesabiwa.

Sasa unaelewa maswali ya usiku ule. "Maji munatekaka wapi?" si udadisi. Wagonjwa watatu wa kijiji kimoja wakisema chemchemi moja, zoni inajua wapi pa kutuma klori asubuhi. Wasipoulizwa, klori itamwagwa fasi yote ao haitamwagwa kabisa. "Kuharisha kulianza saa ngapi?" inaonesha ni nani aliugua wa kwanza. "Mulienda ku kilio fasi gani?" ni swali lenye uchungu, lakini kwa Ebola njo swali la maana kuliko yote, maana maiti ya mtu wa Ebola inaambukiza sana na wengi walioguswa na ugonjwa huo waliupata kwenye mazishi.

Muuguzi akiisha kuandika, anapiga simu kwa muuguzi mkuu wa eneo la afya, yule tunayemuita titileri. Titileri anaarifu biro kuu ya zoni, kwa simu ao WhatsApp, kisha karatasi inafuata. Zoni inatuma mtu kuhakikisha, na inaarifu Divizioni ya afya ya jimbo. Divizioni inaarifu Kinshasa. Jimbo letu la Kivu ya Kaskazini lina zoni za afya 34, Ituri 36, na inchi nzima 519. Kwa hiyo simu moja ya usiku kutoka kijiji inaweza kupita ngazi tano mbele ya kufika kwa waziri. Kutoka hapo kuna ngazi moja tena, ya dunia. Kufuatana na kanuni za kimataifa za afya za mwaka 2005, zilizoanza kutumika mwaka 2007, serikali ikipata habari ya jambo la hatari ina masaa 48 ya kulipima, na ikiona kwamba linaweza kuvuka mipaka, ina masaa 24 ya kuarifu OMS. Sisi tulio karibu na Kasindi na Uganda tunajua mipaka yetu inavukwa kila siku na viazi, mafuta na wagonjwa.

Mfano wa mtoto anayelegea unaonesha vizuri jinsi masaa yanavyohesabiwa. Mtoto wa chini ya miaka 15 akiamka asubuhi mguu umelegea, bila kuanguka wala kupigwa, ni shaka ya polio. Muuguzi anaarifu siku hiyo hiyo. Kisha anahitaji choo cha mtoto mara mbili, kati ya moja na nyingine kupite masaa 24 mpaka 48, na zote mbili zipatikane ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee. Choo hicho kinawekwa kwenye baridi ya kati ya digrii 2 na 8 na kutumwa mpaka INRB Kinshasa. Mzazi aliyemficha mtoto majuma matatu kwa mganga wa kienyeji, hata akija kwa moyo mweupe, amechelewa: virusi vinaweza kuwa vimekwisha kupungua katika choo, na labo haitaona kitu. Kisha siku 60 mtoto anapimwa tena, kuona kama mguu umerudisha nguvu. Wazazi wengi wanashangaa kumuona muuguzi anarudi nyumbani kwao kisha miezi miwili. Ni kwa ajili hiyo.

Raporti ya sifuri

Kuna karatasi moja inayochekesha watu wakiielezwa: raporti ya sifuri. Juma likipita bila mgonjwa wa kolera, bila surua, bila kitu, kituo kinapashwa kuandika 0 na kutuma. Kwa nini kupoteza uniti ya simu kwa kusema hakuna kitu? Kwa sababu kunyamaza kunaweza kuwa na maana mbili. Inaweza kusema hakuna ugonjwa, ao inaweza kusema muuguzi amekimbia vita, simu imeibiwa, rezo imekatika, ao muuguzi mwenyewe analala mgonjwa. Kinshasa haiwezi kutofautisha. Sifuri iliyoandikwa ni ushuhuda kwamba mtu alitazama. Divizioni inapima kila zoni kwa mambo mawili: vituo vingapi vimetuma, na vingapi vimetuma kwa wakati. Hesabu zinaingizwa katika programu moja inayoitwa DHIS2, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo kule Norvege na kutumiwa leo katika inchi nyingi za Afrika.

Mangina, Panzi, Bulape

Hakuna haja ya kwenda mbali ili kuona bei ya kuchelewa. Tarehe 28 mwezi wa 7 mwaka 2018, Divizioni ya afya ya Kivu ya Kaskazini iliarifu kwamba kule Mangina, katika zoni ya afya ya Mabalako, watu wanakufa na homa isiyoeleweka. Sampuli zilifika INRB, na tarehe 1 mwezi wa 8 wizara ilitangaza Ebola. Siku nne tu: kwa upande huo mashine ilifanya kazi mbio. Lakini wachunguzi walipopita nyumba kwa nyumba na kufungua vitabu vya vituo, waliona kwamba watu walikuwa wakifa kwa alama zile zile tangu mwezi wa tano. Kila mmoja alikuwa ametunzwa peke yake, kama malaria kali, kama homa ya matumbo, kama sumu. Hakuna mtu aliyeziweka karatasi pamoja. Mlipuko ule uliisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020: wagonjwa 3470, na kati yao 2287 walikufa. Hatusemi kwamba simu moja ya mwezi wa tano ingeokoa wote. Tunasema ile miezi miwili na nusu ilikuwa zawadi kwa virusi.

Na kuna dispensari tulizozitaja hapo juu. Mjini Beni, katika miezi ya kwanza ya mlipuko, watu wengi, na watoto zaidi sana, walipata Ebola katika vituo vile vinavyoitwa tradi-modern, ambamo mwenye kituo anachanganya mizizi na sindano. Vingi havikuwa kwenye orodha ya zoni. Havikuwa na kitabu kinachoeleweka, havikupata mafunzo, havikutuma raporti. Mtoto aliingia na malaria na kutoka na Ebola, na hakuna aliyejua alilala kitanda cha nani. Mtu anaweza kuuliza kwa nini watu walienda huko. Jibu si gumu: ni karibu, wanapokea kwa deni, na hawakuulizi maswali usiku. Serikali ikitaka vituo hivi viarifu, kuvifunga peke yake haitoshi, maana vinafungwa asubuhi na kufunguliwa jioni nyuma ya nyumba.

Mfano wa pili ni wa Panzi. Si Panzi ya Bukavu ya Daktari Mukwege. Ni zoni ya afya ya Panzi katika jimbo la Kwango, karibu na mpaka wa Angola. Kuanzia tarehe 24 mwezi wa 10 mwaka 2024 watu, wengi wao watoto, walianza kuugua homa, kukohoa na kuumwa kichwa, na kufa. Wizara iliarifu OMS tarehe 29 mwezi wa 11, juma tano kisha. Kufikia tarehe 5 mwezi wa 12 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 406 na vifo 31. Dunia nzima ilianza kusema ugonjwa mpya, ugonjwa X. Mwishowe vipimo vilionesha malaria na magonjwa ya kifua, katika miili iliyodhoofishwa na njaa. Hakukuwa na jinni lolote pale. Kulikuwa na mvua, barabara mbaya, rezo haba, na labo hakuna. Sampuli zilisafirishwa kwa barabara mpaka Kikwit, zaidi ya kilometa 500. Raporti haiwezi kukimbia kuliko barabara.

Mfano wa tatu ni wa karibuni, Bulape katika jimbo la Kasai. Mama mmoja mwenye mimba aliingia hospitali tarehe 20 mwezi wa 8 mwaka 2025. Ebola ilitangazwa tarehe 4 mwezi wa 9, kisha siku 15. Siku ile ya kutangaza, kati ya watu 15 waliokwisha kufa, wanne walikuwa wafanyakazi wa afya. Mlipuko uliisha tarehe 1 mwezi wa 12, miezi mitatu tu, na huo ni mwendo mzuri ukilinganisha na miaka karibu miwili ya kwetu. Lakini wale wanne wanaeleza jambo ambalo msikilizaji anapashwa kujua: muuguzi anapouliza maswali mbele ya kukugusa, anajilinda pia yeye. Anao watoto nyumbani.

Majina yetu yanaenda wapi?

Tuseme ukweli mzima hapa, maana nusu ya ukweli njo inazaa uvumi. Raporti ya juma na raporti ya mwezi hazina majina. Zina hesabu: wangapi, chini ya miaka mitano ao juu, wangapi walikufa. Lakini karatasi ya arifa ya masaa 24 ina jina, umri, kijiji, kata, na mara nyingi namba ya simu. Lazima iwe hivyo. Kama ni Ebola, zoni inapashwa kutafuta wale waliomgusa mgonjwa na kuwafuatilia siku 21, na mtu hafuatiliwi kwa namba tu.

Kwa hiyo ulinzi wako uko katika siri ya kazi. Kifungu cha 73 cha kitabu cha pili cha kanuni ya adhabu kinaadhibu mtu anayetoa siri aliyopewa kwa sababu ya kazi yake, na muuguzi ni kati ya watu hao. Kumuarifu mganga mkuu wa zoni si kutoa siri, maana sheria yenyewe inadai. Kumwambia jirani, kutaja jina kanisani, kutuma picha ya mgonjwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha kata, hiyo ni kosa. Na tuongeze hata waandishi wa habari ndani: sisi kwenye radio hatuna haki ya kutaja jina la mgonjwa eti kwa sababu kila mtu anamjua.

Kwa wale waliotendewa jeuri ya kimapenzi, mpango ni mwingine kidogo, na tunauandika wazi maana masaa yake ni makali. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinapashwa kuanza mbele masaa 72 hayajapita. Huhitaji kupita kwanza polisi ili utunzwe. Kituo kinaandika, kinahesabu bila kutangaza jina, na daktari anaweza kutoa cheti kitakachotumika mbele ya tuzo, kufuatana na sheria ya mwaka 2006 juu ya jeuri hiyo, mgonjwa akiamua kushtaki. Uamuzi wa kushtaki ni wake yeye mwenyewe, si wa muuguzi wala wa jamaa wanaotaka kumaliza mambo kwa mbuzi.

Kifo cha mama

Kati ya arifa zote, hii ndiyo inayofichwa sana, na tunafahamu kwa nini. Mama akifa kwa mimba, kwa kuzaa, ao ndani ya siku 42 kisha mimba kuisha, kituo kinaarifu, kisha wauguzi na daktari wanakaa pamoja kuchunguza: alifika saa ngapi, alingoja damu muda gani, motari alikataa kutembea usiku sababu ya vizuizi, familia ilikuwa inatafuta pesa ya kwanza? Katika maandishi, kikao hicho hakitafuti wa kuadhibu. Lakini muuguzi anayejua kwamba jamaa wa marehemu wanaweza kuvunja madirisha, na kwamba wakubwa wake wanaweza kumuhamisha, anakuwa na hamu ya kuandika "aliletwa akiwa amekufa" ao kumtuma haraka hospitali kubwa ili kifo kihesabiwe kule. Karatasi ya kutuma mgonjwa ingepashwa kuonesha: saa aliyofika, dawa aliyopewa, saa aliyotumwa. Mara nyingi sehemu ya saa iko tupu. Kwa maoni yetu, ile nafasi tupu inasema mengi kuliko raporti nzima.

Nani analipa uniti?

Na wauguzi nao wana lao la kusema. Serikali inadai raporti ndani ya masaa 24, lakini uniti ya simu inatoka mfukoni mwa muuguzi ambaye pengine hajapata mshahara, anaishi na sehemu ya pesa ya wagonjwa. Karatasi zinaisha, anapiga mistari kwa rula katika daftari la shule. Wale RECO wanaopita kijijini kuuliza nani mgonjwa ni watu wa kujitolea. Wanapewa kofia na mpira wa mvua wakati kuna mradi, mradi ukiisha hata kofia inachakaa. Kila shirika likija linaleta fomu yake, na muuguzi mmoja anajikuta anaandika mgonjwa mmoja mara tatu ao mara ine.

Tena kuna jambo la kurudisha jibu. Habari inapanda, haishuki. Choo cha mtoto kimeenda Kinshasa, mzazi hajaambiwa kitu. Mwaka 2019, wakati macho yote yalikuwa juu ya Ebola yetu, surua ilikuwa inapita inchi nzima: wagonjwa wa kushukiwa zaidi ya 310,000, na kufikia mwanzo wa mwaka 2020 vifo zaidi ya 6,000, kupita hata Ebola. Hesabu zilitumwa juma kwa juma. Zilifika. Mtu anaweza kuandika vizuri na bado asisikilizwe.

Na vita vimeongeza yake. Tangu mwezi wa kwanza mwaka 2025, Goma ilipochukuliwa na uwanja wake wa ndege kufungwa, njia fupi ya kupeleka sampuli Kinshasa ilikatika kwa sehemu kubwa ya jimbo. Kolera haiulizi eneo liko chini ya nani, lakini karatasi inapashwa kupita vizuizi.

Mbele ya kwenda kituoni

Ukimpeleka mgonjwa wa haraka, mutu mmoja wa nyumbani akumbuke mambo machache, maana mgonjwa mwenyewe hawezi kusema: siku na saa ugonjwa ulipoanza, alisafiri wapi katika majuma matatu yaliyopita, alitunzwa fasi gani mbele ya kufika hapo (hata kama ni kwa tradi-modern, semeni bila haya), dawa gani alikwisha kumeza. Kama ni mtoto, chukua kartasi yake ya chanjo. Uliza jina la muuguzi aliyeandika. Kama wamechukua damu ao choo, uliza kinaenda labo gani na urudi lini kwa jibu. Una haki ya kulijua, na muuguzi anayeulizwa na mzazi anapata naye sababu ya kuuliza zoni.

Ukiona kijijini watu wawili ao watatu wameugua kwa alama moja ndani ya siku chache, ao kifo cha ghafla kisichoeleweka, ao mbuzi na kuku wanakufa wengi pamoja, usingoje mmoja wao afike hospitali. Mwambie RECO wa mtaa wako ao titileri. Kama haumjui, kamati ya afya ya eneo, ile CODESA, inamjua, na kila eneo la afya linapashwa kuwa nayo. Wauguzi wengine wameandika namba yao ya simu kwa chaki kwenye mlango wa kituo. Kama kwenu haiko, ombeni iandikwe, na kwa rangi, maana chaki inaondoka na mvua.